Ngozi na Mvua: Kuchagua Mafuta ya Kupaka Wakati wa Masika

Kutoka nyumbani jioni ya Aprili hapa Dar es Salaam kunataka moyo. Barabara zimejaa maji, daladala zinachelewa, na nguo iliyoanikwa asubuhi bado ni mbichi. Kwa kuwa mmekuja, nitajitahidi kila mmoja wenu aondoke na jambo atakaloweza kulitumia kesho akitoka kuoga.

Nimeombwa nizungumzie mafuta ya kupaka. Najua wapo wanaoliona hili kuwa suala la urembo, la kuachiwa wasichana na wenye saluni. Mimi naliona ni suala la afya, na la mfuko pia. Ngozi ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini. Ya mtu mzima ina eneo linalokaribia mita 2 za mraba. Ni nadra kukuta nyumba isiyo na kopo la mafuta. Kitu tunachokipaka mwilini kila siku, tangu utotoni hadi uzeeni, hakistahili kuchaguliwa kwa harufu yake au kwa picha iliyoko kwenye kifuniko.

Hoja yangu ni moja, nami naitaja mapema ili mnipime kwayo. Mafuta huchaguliwa kwa kazi yatakayofanya, na kazi hiyo hutegemea ngozi ya mtu na hewa inayomzunguka. Hewa ya masika katika ukanda wa Pwani huifanyia ngozi sehemu kubwa ya kazi ambayo tumezoea kuyaachia mafuta. Kwa hiyo wengi wetu, miezi hii ya Machi hadi Mei, tunahitaji mafuta mepesi zaidi na machache zaidi kuliko tunayopaka. Wachache wanahitaji mazito hata mvua inyeshe vipi, nao nitawataja.

Jinsi ngozi inavyotunza maji

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Seli zake zimekwisha kufa, zimelaliana safu 15 hadi 20 hivi, na baina yake mna mafuta ya asili: keramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Wataalamu wamezoea kulieleza tabaka hili kama ukuta: seli ni matofali, na mafuta yale ni udongo unaoyashikanisha. Udongo ukiwa mzima, maji ya mwilini hayatoki ovyo, na vijidudu vya nje havipati pa kupenya. Ukioshwa ukaisha, ngozi hupauka, hukaza, huwasha, na mwisho hupasuka.

Kinachouosha zaidi katika nyumba zetu ni sabuni. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH yake ikiwa 5 hivi. Sabuni ya mche ina pH ya 9 hadi 10, maana ilitengenezwa kuondoa mafuta kwenye nguo na vyombo. Mtu anayeoga mara tatu kwa siku kwa sababu ya joto, na kila mara akajisugua kwa sabuni hiyo kuanzia utosini hadi nyayoni, anaibomoa ngozi asubuhi, mchana na jioni, kisha anatafuta mafuta ya kuijenga upya. Maji matupu yanatosha kuondoa jasho la mchana. Sabuni, tena ile laini, iende kwapani, kwenye kinena na miguuni. Mikono na miundi haihitaji kusuguliwa kila mara.

Pamoja na hayo, ngozi ina tezi zinazotoa mafuta yake yenyewe. Tezi hizi zimejaa usoni, kifuani na sehemu ya juu ya mgongo. Kwenye miundi ni chache, na kwenye viganja na nyayo hazipo kabisa. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa na paji la uso linaloteleza na wakati huohuo akawa na magaga. Kumpa mafuta ya aina moja kwa mwili mzima ni kumkosea sehemu moja au nyingine.

Hewa ya masika, na hewa nyingine zinazofanana nayo kwa jina

Hewa ya moto hubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Katika nyuzi joto 30, mita moja ya ujazo ya hewa inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke. Katika nyuzi 15 hubeba gramu 13 tu. Tunapotangaziwa kwamba unyevunyevu ni asilimia 85, hiyo ni asilimia ya uwezo wa hewa ya mahali pale, kwa joto la wakati ule. Asilimia 85 ya hewa ya Tanga yenye nyuzi 30 ni gramu 25 hivi. Asilimia 85 ya hewa ya Lushoto, mvua inaponyesha na joto limeshuka hadi nyuzi 15, ni gramu 11. Umbali wa kutoka Tanga kwenda Lushoto ni wa saa chache kwa basi, lakini ngozi huko juu imezungukwa na maji yasiyofika nusu ya yale ya mjini.

Hapa ndipo ushauri wa jumla wa "wakati wa mvua paka hivi" unapopotosha. Mvua ya Lushoto, Njombe au Nairobi huja na baridi, na hewa ile ya baridi ikigusa ngozi yenye joto huwa bado ina nafasi kubwa ya kunyonya maji. Mkazi wa huko anaweza kupaka krimu nzito katikati ya mvua na akawa sahihi. Mkazi wa Dar es Salaam, Unguja au Mombasa akimwiga, atajiumiza.

Kwa sisi wa Pwani, tatizo la masika ni jasho lisilokauka. Hewa imekwisha kushiba maji, kwa hiyo jasho hukaa palepale lilipotokea. Tabaka la juu la ngozi hulowa na kuvimba, na vijitundu vya jasho huziba. Jasho linalokosa njia hujikusanya chini ya ngozi, na hapo tunapata harara: vile vipele vidogo vinavyochoma shingoni, mgongoni na chini ya matiti. Ukipaka mafuta ya mgando juu ya ngozi iliyo katika hali hiyo, unalifungia jasho ndani.

Yupo hata hivyo mkazi wa Pwani anayeishi katika hewa mbili kwa siku moja. Pita nyuma ya jengo lolote la ofisi pale Posta utaona ndoo au chupa zimetegwa chini ya mabomba ya viyoyozi. Maji yanayodondoka humo, matone kwa matone mchana kutwa, yametoka kwenye hewa wanayoivuta watu walioko ndani. Mtu anayekaa saa nane katika chumba hicho anakaushwa, ingawa nje mvua inamwagika. Ngozi yake ikikaza na midomo ikipasuka mwezi wa Aprili, asishangae. Abebe losheni nyepesi, ajipake mikono na uso mchana akiwa ofisini, na asijipake mafuta mazito asubuhi kabla ya kubanana ndani ya daladala.

Ijue ngozi yako kabla ya kwenda dukani

Mgawanyo wa ngozi kuwa kavu, ya kawaida, ya mafuta na ya mchanganyiko tumeupata kwa wafanyabiashara wa vipodozi. Mwanzoni mwa karne ya 20 walioueneza ni watu kama Helena Rubinstein, aliyeanzia biashara yake Australia kabla ya kuhamia Ulaya na Marekani. Unasaidia, alimradi tukumbuke kwamba aina ya ngozi haidumu milele. Hubadilika kwa umri, kwa ujauzito, kwa dawa na kwa majira.

Kuipima hakuhitaji mashine. Siku ambayo hutoki, nawa uso kwa sabuni laini na maji ya kawaida, jikaushe kwa kugandamiza taulo bila kusugua, kisha usipake chochote. Kaa saa moja mahali pasipo na jua wala kiyoyozi. Halafu chukua karatasi ya tishu, uibandike kwenye paji la uso, kwenye pua, kidevuni na kwenye kila shavu. Tishu ikiloa mafuta kote, ngozi yako ni ya mafuta. Ikiloa paji, pua na kidevu lakini mashavu yakaiacha kavu, ni ya mchanganyiko. Isipoloa popote na huku unahisi uso umekaza, ni kavu. Isipoloa na wala husikii kukaza, ni ya kawaida. Ngozi inayochoma au kuwasha kwa karibu kila unachopaka tunaiita nyeti, na inaweza kuwa mojawapo ya hizo nne.

Fanyeni kipimo hiki mara mbili kwa mwaka: mara moja wakati wa masika, na mara moja wakati wa kipupwe, mwezi wa Juni au Julai, upepo unapokuwa mkavu. Wengi mtaona majibu mawili tofauti. Anayepata majibu mawili anahitaji makopo mawili, na si vibaya yakiwa madogo.

Kilichomo ndani ya kopo

Mafuta ya kupaka, hata yawe ya bei gani, yana kazi tatu tu za kufanya. Kuna viambato vinavyovuta maji: glisirini, urea, asidi ya haluroniki. Kuna vinavyolainisha kwa kujaza nyufa ndogo juu ya ngozi: mafuta ya alizeti, mafuta ya shea, dimethikoni. Na kuna vinavyofunika ili maji yasitoke: mafuta ya mgando, nta ya nyuki, lanolini. Tofauti ya kopo na kopo ni uwiano wa makundi haya, pamoja na kiasi cha maji kilichotiwa.

Geuza kopo usome nyuma. Kwa utaratibu uliozoeleka duniani, viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi. Ukikuta Aqua mwanzoni, yaani maji, hiyo ni losheni, krimu au jeli. Ukikuta Petrolatum mwanzoni, ni mafuta ya mgando. Ukikuta Paraffinum Liquidum, ni yale mafuta ya maji yanayouzwa sana kwa ajili ya watoto. Katika masika ya Pwani, mwenye ngozi ya kawaida, ya mchanganyiko au ya mafuta aanze na kopo linaloanza na maji, na glisirini ikiwa karibu na mwanzo wa orodha.

Mafuta ya mgando yana sifa yake, nami sitaki myatupe. Robert Chesebrough, Mmarekani aliyepata hati miliki yake mwaka 1872, aliyatoa kwenye nta iliyokuwa ikiganda katika mitambo ya visima vya petroli huko Pennsylvania, ambako wafanyakazi walijipaka kwenye majeraha na sehemu zilizoungua. Nguvu yake iko hapo: kufunika. Hupunguza upotevu wa maji kwenye ngozi kwa zaidi ya asilimia 90, na hakuna kitu cha bei nafuu kinachoyashinda. Ila hayaongezi tone la maji. Penye magaga, kwenye midomo iliyopasuka, kwenye kiwiko kilichokakamaa, ni dawa. Kwenye mgongo wa mtu anayetoka jasho mchana kutwa, ni mzigo.

Glisirini nayo ni ya zamani kuliko mgando. Mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden aliipata mwaka 1779 alipokuwa akichemsha mafuta ya zeituni. Ni rahisi kupatikana madukani na ni rafiki mkubwa wa ngozi zetu, lakini isipakwe tupu. Ikiwa tupu hunata, huvuta vumbi, na kwenye hewa kavu huweza kuvuta maji kutoka ndani ya ngozi yenyewe. Ichanganye kiganjani na maji safi, sehemu moja ya glisirini kwa tatu au nne za maji, upake palepale. Usiuweke mchanganyiko huo kwenye chupa kwa wiki nzima. Maji yasiyo na dawa ya kuzuia vijidudu huoza haraka katika joto letu hata kama hayajabadilika rangi. Onyo hilohilo linahusu majimaji ya mshubiri yanayosagwa nyumbani.

Mafuta ya nazi yanahitaji maneno ya pekee, maana hapa Pwani ni urithi. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki. Kwenye nywele, kwenye miundi mikavu na mikono, ni mazuri sana. Usoni, kifuani na mgongoni kwa mtu mwenye chunusi, huziba vinyweleo. Halafu kuna mba wa mwilini, yale mabaka yaliyofifia ambayo wengine huyaita utangotango. Huletwa na fangasi aitwaye Malassezia, anayeishi juu ya ngozi ya karibu kila mtu na anayekula mafuta. Joto na unyevunyevu vikiongezeka, naye huongezeka. Mtu mwenye mabaka hayo anapojipaka mafuta ya nazi mgongo mzima ili "kuyalainisha", anamlisha mwenye kuyaleta. Akauke vizuri, apunguze mafuta sehemu hizo, na aende duka la dawa au zahanati apewe dawa ya fangasi.

Nani apake nini

Mwenye ngozi ya mafuta atafute jeli au losheni nyepesi yenye maji, glisirini na, akiweza, niasinamaidi. Maneno kwenye kopo kwamba mafuta hayazibi vinyweleo yanasaidia kidogo, lakini hakuna kipimo kimoja kinachomlazimisha mtengenezaji kuyathibitisha, kwa hiyo ngozi yako ndiyo iwe mwamuzi. Usoni wakati wa masika wengi wao wanaweza kupaka usiku tu, asubuhi wakaacha.

Mwenye ngozi ya mchanganyiko apake kwa sehemu: losheni kwenye mashavu, na kwenye paji na pua kiasi kidogo mno au asipake.

Mwenye ngozi kavu atumie krimu badala ya losheni, apake dakika chache baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya alizeti, ambayo nchi yetu inayazalisha kwa wingi mkoani Singida, yana asidi ya linoleiki inayosaidia kuujenga upya ule ukuta wa ngozi, na mengi hayanuki. Mafuta ya zeituni, pamoja na heshima yake yote jikoni, yana asidi ya oleiki nyingi, na kwa ngozi dhaifu huweza kuulegeza.

Mwenye ngozi nyeti, au mwenye pumu ya ngozi, anunue kisicho na manukato. Harufu nzuri ni miongoni mwa sababu kubwa za mzio wa vipodozi.

Wazee wetu ndio wale wachache niliosema watahitaji mafuta mazito. Tezi za mafuta hupunguza kazi kadiri umri unavyokwenda, na mzee wa miaka 75 anaweza kuwa na miundi inayowasha usiku kucha hata Aprili. Mpakeni krimu nzito au mgando miguuni jioni, muogesheni kwa maji ya uvuguvugu, na mwenye kisukari akaguliwe nyayo na katikati ya vidole kila siku.

Kuhusu kiasi: krimu inayofunika kidole cha shahada kuanzia nchani hadi pingili ya kwanza, takriban nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili. Wengi wetu tunapaka mara mbili au tatu ya hapo, kisha tunajifuta kwenye nguo. Na kopo jipya likija nyumbani, lijaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono kwa wiki moja. Likipita hapo, paka shavu moja tu kwa wiki mbili na ulilinganishe na la pili. Hakuna muuzaji atakayekupa ushahidi mzuri kuliko huo.

Mtoto mchanga

Tazameni mtoto wa miezi minne anavyoandaliwa asubuhi ya masika. Ameogeshwa kwenye beseni, amekaushwa juujuu kwa kanga. Kidole kinachota mgando kwenye kopo kubwa, mara moja, mara mbili, mara tatu. Shingo inang'aa, mikunjo ya mapaja inateleza. Kisha inakuja fulana, sweta la sufu, kofia na soksi, kwa kuwa nje kunanyesha na bibi amesema mtoto asipigwe na baridi. Ikifika saa nne asubuhi joto limefika nyuzi 29. Jasho la mtoto halina pa kutokea. Saa saba mama anaona vipele shingoni, anadhani ngozi imekauka, anachota mafuta tena.

Mama huyu anampenda mwanawe na ana bidii. Kilichomponza ni kufundishwa kwamba mtoto anayetunzwa hung'aa. Namwomba, na nawaomba kina bibi wenzangu wa umri, tubadilishe kipimo: mtoto anayetunzwa ana ngozi laini isiyo na vipele, kavu kwenye mikunjo. Akaushwe kwa kugandamizwa, hasa shingoni, kwapani na mapajani. Apakwe losheni kidogo isiyo na manukato kwenye miguu na mikono, na mikunjo iachwe bila mafuta. Avikwe pamba nyepesi. Harara nyingi hupungua zenyewe ngozi ikipata hewa. Mgando ubaki kwa sehemu inayofunikwa na nepi, maana pale tunataka mkojo usiguse ngozi.

Maji ya barabarani, jua la mawinguni na mbu

Masika yana mambo mengine matatu yanayogusana na kopo la mafuta. La kwanza ni miguu. Mama anayeuza samaki Feri, kijana wa bodaboda, mwanafunzi anayevuka dimbwi kwenda shule, wote miguu yao hulowa kutwa. Fangasi hupenda katikati ya vidole. Jioni osha miguu, kausha kila kidole kwa kitambaa, kisha paka mafuta juu ya mguu na kisiginoni tu. Katikati ya vidole usipake. Na nguo za ndani ambazo hazijakauka ni heri zipigwe pasi kabla ya kuvaliwa.

La pili ni jua. Mawingu hayazuii miale yote inayounguza ngozi. Sehemu kubwa hupita. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili ni suala la uhai, maana saratani ya ngozi huwaua wengi mapema. Kule Moshi, Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo hospitali ya KCMC kimekuwa kikihusika na mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun, yanayotengenezwa hapahapa nchini kwa ajili yao. Mtu mwenye ualbino apake mafuta ya kukinga jua na avae kofia pana hata siku ya mvua.

La tatu ni mbu. Dar es Salaam ilipigwa na homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wanaoieneza homa hiyo huuma mchana. Anayetumia vyote vitatu afuate mpangilio huu: kwanza losheni, kisha kinga ya jua, na dawa ya kufukuza mbu iwe ya mwisho, juu ya vyote, tena kwenye ngozi isiyofunikwa na nguo tu.

Njia inayoishia kwenye mkorogo

Nimeacha jambo hili mwishoni kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Ngozi nyeusi ina tabia moja: kila inapojeruhiwa, hata kwa chunusi ndogo, huacha doa jeusi linaloweza kudumu miezi. Mwaka 1970 madaktari wa ngozi nchini Marekani walieleza chunusi za paji la uso walizoziona kwa Wamarekani weusi waliokuwa wakipaka mafuta mazito ya nywele. Hapa kwetu mvua na jasho huyateremsha mafuta ya kichwani hadi usoni, na msichana huongeza mengine usoni. Vinyweleo vinaziba, chunusi zinatoka, madoa yanabaki. Anapotaka kuyaondoa, mtu humpa krimu isiyo na jina, au mkorogo uliochanganywa uani.

Ndani ya krimu hizo mara nyingi mna zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali kama klobetasoli. Zebaki huharibu figo. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba, hufungua mlango kwa fangasi, na ikiachwa ghafla, uso huwaka. Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013 uliilenga zebaki hata katika vipodozi, na nchi yetu imepiga marufuku vipodozi vya namna hiyo. Tangu 2019 kazi ya kuvisimamia iko kwa Shirika la Viwango, TBS. Lakini hakuna mkaguzi anayeweza kusimama katika kila kibanda. Kwa hiyo shikeni dalili hizi: krimu isiyo na orodha ya viambato, inayoahidi weupe kwa siku chache, inayokuonya usiiguse kwa pete ya dhahabu au fedha, maana zebaki hushambulia madini hayo. Ziacheni dukani.

Na baka lolote jeupe lisilosikia unapoligusa msilifunike kwa mafuta. Linaweza kuwa ukoma. Nendeni kituo cha afya. Ukoma unatibika, na dawa zake hutolewa bure.

Ndugu zangu, mtu anayechagua kwa kusoma anahitaji lebo inayosomeka. Makopo mengi katika maduka yetu yameandikwa kwa lugha ambayo mnunuzi haielewi, na kwa herufi ambazo hata mwenye macho mazima hazioni. Natoa wito kwa watengenezaji na waagizaji waandike kwa Kiswahili: ni kwa ngozi gani, ni kwa sehemu gani ya mwili, na kuna nini ndani. Nawaomba wauguzi wa kliniki za mama na mtoto waongeze dakika tano za somo la kupaka mafuta katika siku ya chanjo, maana mama wote hufika pale. Nanyi mliokuja leo, kesho mkioga, pakeni nusu ya mnachopaka kila siku, mwone ngozi itasemaje baada ya wiki mbili. Mkiona tofauti, mwambieni jirani.